Maswali ya Wasomaji: Tamthilia za Upelelezi Zinapotengenezwa Upya Marekani

Barua tulizopokea baada ya makala yetu kuhusu tamthilia za polisi za Ulaya ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo linalofanana: tamthilia iliyopendwa kwao hupatwa na nini inapotengenezwa upya kwa ajili ya watazamaji wa Marekani? Nimechagua barua nne. Kwa kuwa baadhi yenu bado hamjazitazama kazi hizi, sitamtaja muuaji hata mmoja, ingawa itabidi nieleze mwanzo wa kila kisa.

Swali: Niliitazama "The Killing" ya Marekani hadi mwisho, kisha nikaitafuta ile ya Denmark. Nimezipenda zote mbili, lakini kila ninaposoma habari zake nakuta watu wanaisema vibaya ile ya Marekani. Kosa lake lilikuwa nini hasa? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu msomaji, hukukosea kuzipenda zote mbili, na wanaoibeza ile ya Marekani kuanzia mwanzo hadi mwisho hawaitendei haki. Ilikuwa na kosa moja kubwa, nalo halihusu uigizaji wala picha. Watengenezaji walikosea katika kupima subira ya watazamaji wao.

Tamthilia mama, "Forbrydelsen", iliandikwa na Søren Sveistrup na ilianza kuonyeshwa Januari 2007 na DR, shirika la utangazaji la umma la Denmark. Msichana wa miaka 19, Nanna Birk Larsen, anakutwa ameuawa, na msimu wote wa kwanza, wenye sehemu 20, unafuatilia kesi hiyo moja tu, kila sehemu ikichukua takriban siku moja ya upelelezi. Hadithi inaendelea mahali patatu kwa wakati mmoja: polisi, alipo mpelelezi Sarah Lund, ukumbi wa jiji la Copenhagen, ambako mwanasiasa Troels Hartmann anawania umeya, na nyumbani kwa wafiwa. Hapo pa tatu ndipo tamthilia hii ilipojitenga na nyingi tulizozizoea, ambazo marehemu huwa ni maiti ya kufungulia kisa tu, na wazazi wake hulia dakika mbili kisha tusiwaone tena. Hapa tunakaa na Theis na Pernille, wazazi wa Nanna, wakati wa kupanga mazishi, wakati wa kuwaeleza wadogo zake Nanna kwamba dada yao hatarudi, na wakati kampuni yao ndogo ya kuhamisha vyombo inapoanza kuyumba kwa sababu wenyewe hawana nguvu ya kufanya kazi. Uingereza iliionyesha mwaka 2011 kwa lugha yake ya Kidenmark, tafsiri ikiandikwa chini ya picha, na mwaka huohuo ikapewa tuzo ya BAFTA, tuzo kuu ya televisheni ya Uingereza, ya tamthilia bora ya kimataifa.

Veena Sud, aliyeiandaa upya kwa ajili ya kituo cha AMC, alielewa kabisa kwamba moyo wa kazi ile ni msiba. Toleo lake lilianza tarehe 3 Aprili 2011, likihamishia kisa Seattle, mji wa mvua, ingawa upigaji picha ulifanyika Vancouver, Kanada. Nanna akawa Rosie Larsen, na Sarah Lund akawa Sarah Linden, aliyechezwa na Mireille Enos. Katika yote mawili mpelelezi yuko katika siku zake za mwisho kazini, akijiandaa kuhama na mwanawe kwenda kuishi na mchumba, na katika yote mawili kesi inamng'ang'ania. Litazame tena tukio la sehemu ya kwanza ambapo gari linaopolewa majini. Baba anafika pale huku simu yake ingali wazi na mkewe yuko upande wa pili. Askari wanamzuia, anapiga kelele, na mama, akiwa nyumbani, anasikia sauti ya mumewe ikibadilika. Hakuna mtu aliyemwambia neno, lakini ameshajua. Tukio hilo limebebwa kutoka Copenhagen hadi Seattle karibu kama lilivyo na halikupoteza chochote njiani, na Michelle Forbes, aliyemcheza mama huyo, alistahili kabisa kupendekezwa kwa tuzo ya Emmy, tuzo kuu ya televisheni ya Marekani, kwa ajili ya msimu ule.

Kosa lilikuja mwezi Juni 2011. Kituo kilikuwa kimeitangaza tamthilia kwa swali moja lililobandikwa kila mahali: nani alimuua Rosie Larsen? Watu walikaa mbele ya televisheni wiki baada ya wiki wakiamini kwamba msimu ukifika mwisho swali litajibiwa. Sehemu ya 13, ambayo ndiyo ya mwisho, ikaisha bila jibu, tena kwa kupindua ushahidi ambao watazamaji walikuwa wamekwisha kuuamini. Hasira ilikuwa kubwa, na wahakiki wengi waliokuwa wakiisifu waligeuka. Jambo ambalo hutajwa mara chache ni kwamba hata watazamaji wa Denmark walisubiri: sehemu 10 za mwanzo zilionyeshwa mwanzoni mwa 2007, na 10 zilizobaki hazikuonekana hadi vuli ya mwaka ule. Lakini wao walikatiziwa katikati ya hadithi ya sehemu 20. Wamarekani waliambiwa huu ndio mwisho wa msimu, na kwa desturi ya televisheni yao mwisho wa msimu unalipa deni fulani.

Jibu lilitolewa mwaka 2012, mwishoni mwa msimu wa pili, na muuaji si yule wa Denmark. Lakini kisa cha sehemu 20 kilikuwa kimevutwa hadi kufikia 26, watuhumiwa wakiletwa na kuondolewa mmoja baada ya mwingine, na watazamaji walikuwa wamepungua. AMC ikaifuta, ikairudisha kwa kushirikiana na Netflix, kampuni ya kuonyesha tamthilia mtandaoni, ikaifuta tena, na Netflix ikaimalizia kwa sehemu 6 mwaka 2014.

Mimi naamini msimu wake bora ni wa tatu, ule wa 2013, na sababu ni kwamba ndipo ilipoacha kuifuata "Forbrydelsen" hatua kwa hatua. Kisa kinahusu vijana wanaolala barabarani Seattle, watoto ambao wakipotea hakuna anayepiga simu polisi, na kinakwenda sambamba na siku za mwisho za mfungwa anayesubiri kunyongwa. Nchi yenye adhabu ya kifo ina hofu ambazo Denmark haina, na hapo hatimaye tamthilia ilizungumza kuhusu mahali ilipo. Mfikirie pia Stephen Holder, mpelelezi kijana aliyewahi kuwa mtumwa wa dawa za kulevya, aliyechezwa na Joel Kinnaman. Hafanani hata kidogo na Jan Meyer, mwenzake Lund, na ndiye mhusika ambaye mashabiki wanamkumbuka zaidi.

Swali: Nimesikia kwamba tamthilia ya "The Bridge" imetengenezwa upya katika nchi nyingi. Ina nini cha pekee? Na kwa nini ile ya Marekani ilikatizwa mapema? (Msomaji, Mombasa)

Upekee wake uko katika dakika zake za kwanza. Daraja la Øresund, lililofunguliwa mwaka 2000, linaunganisha Malmö ya Uswidi na Copenhagen ya Denmark. Katika tamthilia hii iliyobuniwa na Hans Rosenfeldt na kuanza mwaka 2011, taa za daraja zinazimika usiku, na zinapowaka tena, maiti ya mwanamke imelazwa juu ya mstari wenyewe wa mpaka. Askari wa nchi mbili wanafika. Wanapojaribu kuiondoa, wanagundua kwamba ni wanawake wawili, nusu ya juu ya mmoja na nusu ya chini ya mwingine. Kesi haiwezi kuwa ya nchi moja, basi Saga Norén wa Uswidi, asiyejua kupindisha sheria wala kusema uongo wa adabu, analazimika kufanya kazi na Martin Rohde wa Denmark, mtu wa mzaha na huruma.

Unaona jinsi wazo hilo linavyohamishika: inatosha kuwa na nchi mbili na kitu kinachoziunganisha. Uingereza na Ufaransa zilitumia njia ya reli iliyo chini ya bahari, Urusi na Estonia zikawa na toleo lao, vivyo hivyo Malaysia na Singapore, na Ujerumani na Austria zikapeleka kisa milimani.

Wamarekani, kupitia kituo cha FX, walianza mwaka 2013. Mwanzoni ulifikiriwa mpaka wa Marekani na Kanada, ambao ungefanana zaidi na ule wa Ulaya kwa baridi na utulivu wake. Meredith Stiehm na Elwood Reid wakaupeleka El Paso na Ciudad Juárez, na ninawapongeza kwa uamuzi huo. Kati ya Malmö na Copenhagen watu huvuka kwenda kazini na kurudi jioni. Daraja la El Paso linaunganisha mji wa Texas ambao mauaji yake ni machache na mji wa Mexico ambako tangu mwaka 1993 mamia ya wanawake na wasichana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, wameuawa au kutoweka na kesi nyingi hazikupata jibu. Maiti ya darajani ikabadilika maana kabisa. Nusu ya juu ni jaji wa Kimarekani aliyejulikana kwa msimamo mkali dhidi ya wahamiaji, na nusu ya chini ni ya msichana wa Juárez aliyekuwa miongoni mwa waliopotea. Muuaji anapopiga simu anauliza kwa nini mwanamke mmoja mweupe akifa dunia inasimama, ilhali ng'ambo ya daraja wanakufa wengi na hakuna anayeshtuka. Swali hilo lisingeweza kuulizwa juu ya daraja la Øresund.

Tazama pia lile tukio la gari la wagonjwa. Katika matoleo yote mawili, eneo la maiti limefungwa, na gari lenye mgonjwa mahututi linafika likitaka kupita. Saga anakataa kwa sababu ushahidi utaharibika, Martin analiruhusu. Katika toleo la Marekani ni Sonya Cross, anayechezwa na Diane Kruger, anayekataa, na ni Marco Ruiz, mpelelezi wa Mexico anayechezwa na Demián Bichir, anayeruhusu. Mgonjwa ni Mmarekani mwenye uwezo aliyeugulia Mexico na anayeharakishwa kufikishwa hospitali ya upande wa kwao. Askari wa Mexico anamfungulia njia Mmarekani kwenye mpaka ambao raia wenzake hawaupiti kwa urahisi namna hiyo. Maneno ya tukio ni karibu yaleyale, lakini mzigo wake ni mwingine.

Kilichoiangusha ni kwamba watengenezaji waliweka kisa kipya juu ya msingi wa zamani na wakauogopa kuubomoa. Katika tamthilia ya asili, nyuma ya maneno makubwa ya muuaji kuhusu jamii kuna kisasi cha mtu mmoja, na kwa Malmö na Copenhagen hilo lilitosha. Kwa Juárez halikutosha. Mtazamaji aliyeonyeshwa makaburi ya wasichana wasio na majina, kisha akaambiwa kwamba yote yaliandaliwa kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, ana haki ya kulalamika. Msimu ulikuwa na sehemu 13. Kisasi kilimalizwa kabla ya mwisho wake, na sehemu za mwisho zikarudi kwa wanawake wa Juárez, ambako zilipaswa kuwa tangu mwanzo. Tamthilia ilipata tuzo ya Peabody, tuzo ya heshima ya utangazaji ya Marekani, na msimu wake wa pili, wa 2014, uliachana na kisa cha Ulaya moja kwa moja na kuingia katika magenge ya dawa za kulevya na wakubwa wa pande zote mbili wanaoyalinda. Ulikuwa bora, kwa maoni yangu bora sana, lakini watazamaji walikuwa wamekwisha ondoka, na mwaka huohuo ikafutwa. Mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kihispania na yalihitaji kusomwa chini ya picha, jambo linaloniongoza kwenye barua inayofuata.

Swali: Huku Doha familia yetu hutazama tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na hatuoni shida yoyote. Kwa nini Wamarekani wasifanye hivyo, au wasome tafsiri tu, badala ya kugharamia tamthilia mpya? (Msomaji, Doha)

Dada yangu, sababu ya kwanza ni mazoea. Sisi tumekua tukitazama filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, na kuna vibanda vya video ambamo msimuliaji alitufasiria kila kitu papo hapo. Mmarekani wa kawaida alikua na televisheni iliyomletea karibu kila kitu kwa lugha yake na kutoka nchini mwake, kwa hiyo vituo viliamini kwamba hatasoma tafsiri. Sababu ya pili ni biashara. Kituo kinachonunua haki ya kuonyesha hukodi tu kazi ya mwingine, lakini kinachonunua haki ya kutengeneza upya hupata kazi iliyo yake chenyewe, ambayo kinaweza kuipanga kulingana na nafasi za matangazo ya biashara na kuiuza tena nje.

Hata hivyo lugha peke yake haielezi kila kitu, na ushahidi ni "Broadchurch". Ilionyeshwa Uingereza mwaka 2013, ikiwa imeandikwa na Chris Chibnall, kuhusu mtoto anayekutwa amekufa ufukweni katika mji mdogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Ni ya Kiingereza, na ilikuwa imekwisha onyeshwa Marekani kwenyewe. Mwaka uliofuata kituo cha Fox kikaitengeneza upya kwa jina la "Gracepoint", kikamchukua David Tennant yuleyule aliyecheza mpelelezi Uingereza, safari hii akiongea kwa lafudhi ya Kimarekani, na Anna Gunn akachukua nafasi ya Olivia Colman, aliyecheza mpelelezi mwenzake. Hata ile picha ndefu ya mwanzo, baba wa mtoto akipita mtaani asubuhi na kusalimiana na kila anayekutana naye, ilirudiwa. Sehemu ziliongezwa kutoka 8 hadi 10 na mwisho ukabadilishwa, lakini mji ule wa California ya kaskazini haukuwa na siri yake yoyote. Katika "Broadchurch" wenyeji wana gazeti lao dogo, mchungaji wao, duka lao la magazeti na aibu zao za Kiingereza za kutoulizana mambo ya ndani, na kimya hicho ndicho kinachomficha muuaji. Ukikihamisha bila kuuliza watu wa pale wananyamazia nini, unabaki na mchezo wa kubahatisha. Msimu ulikuwa mmoja tu.

Niongeze kwamba hali imebadilika. Tangu Netflix ilipoleta "La casa de papel" kutoka Hispania mwaka 2017, kisha "Squid Game" kutoka Korea Kusini mwaka 2021, mamilioni ya Wamarekani wametazama kazi za kigeni kama zilivyo, wengine wakisoma na wengine wakisikiliza sauti za Kiingereza. Utengenezaji upya haujakoma, kwa mfano "High Potential" ya mwaka 2024 imetokana na tamthilia ya Kifaransa, "HPI". Lakini kisingizio cha lugha kimepungua nguvu sana.

Swali: Mimi ni mwanafunzi na natamani kuandika skripti za upelelezi. Ni tamthilia ipi ya kigeni iliyofaulu kweli Marekani, na nikitaka kujifunza nianze na ipi? (Msomaji, Arusha)

Wengi watakutajia "Homeland", iliyotokana na "Hatufim" ya Israeli, iliyodumu misimu 8 na kushinda tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2012. Ni mfano mzuri, lakini ni kisa cha ujasusi. Kwa upelelezi wa jinai mimi nakupendekezea "The Night Of" ya kituo cha HBO, ya mwaka 2016, iliyoandaliwa na Richard Price na Steven Zaillian. Mama yake ni "Criminal Justice" iliyoandikwa na Peter Moffat kwa ajili ya BBC na kuonyeshwa usiku tano mfululizo mwaka 2008.

Katika zote mbili kijana anachukua teksi ya baba yake bila ruhusa, msichana anaingia akidhani ni abiria, wanakwenda pamoja, na usiku wa manane kijana anaamka na kumkuta ameuawa, naye hakumbuki kitu. Katika ile ya Uingereza anachezwa na Ben Whishaw, kijana mweupe wa familia ya kawaida. Waandishi wa Marekani walimfanya kuwa Nasir Khan, mwanafunzi wa familia ya Kipakistani ya Queens, New York, aliyechezwa na Riz Ahmed, ambaye alishinda Emmy kwa kazi hiyo.

Angalia walivyoitumia teksi. Polisi wanaishikilia kama ushahidi. Lakini baba yake Nasir haimiliki peke yake, anayo pamoja na wenzake wawili, na kila siku inayokaa polisi familia tatu hazipati riziki. Anapokwenda kuiulizia, anaelezwa kwamba njia ya kuipata ni kumshtaki mwanawe kwa wizi wa gari. Wenzake wanamtazama. Mtoto wa mwenzao yuko Rikers Island, gereza la New York, lakini nao wana watoto wa kulisha. Price na Zaillian walijiuliza gari lile lingekuwa na maana gani kwa mhamiaji wa New York, wakaendelea kujiuliza hivyo kuhusu kila kitu: mavazi, msikiti, wakili mwenye ukurutu miguuni asiyepata kesi kubwa, na gereza ambalo linamgeuza kijana mbele ya macho yetu kabla mahakama haijasema kama ana hatia.

Anza na "Criminal Justice", tena msimu wa kwanza pekee, kwa sababu wa pili una kisa kingine. Andika kwenye daftari kila tukio kwa mstari mmoja. Kisha tazama sehemu tatu za mwanzo za "The Night Of" na uweke alama kwenye kila tukio lililobaki, lililobadilishwa na lililoongezwa. Sehemu ya kwanza ya HBO itakushangaza kwa ilivyobakiza mengi. Ukimaliza zoezi hilo, fanya vivyo hivyo kwa "Broadchurch" na "Gracepoint", kwa utaratibu huohuo, na utuandikie ulichokiona.